Tepu ya Bi Siwema na Mtani Asiyejibu

Kalamu ya wino iacheni mlangoni. Chumba cha makusanyo maalumu hupokea penseli tu, na penseli yenyewe isichongwe kama mkuki wa kuwindia nguruwe. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa. Msikimbilie kununua glavu nyeupe kwa sababu mmeziona kwenye sinema. Glavu ni za picha na negativu. Karatasi inataka kidole kinachohisi, na mtu anayefunua karatasi kuukuu kwa glavu ni sawa na anayechambua dagaa kwa buti.

Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo niliyoambiwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, na niliyarudia moyoni kwa bidii mpaka nikasahau kumwamkia mkuu wangu. Nilikuwa na shahada mpya na wasiwasi wa siku nyingi. Mimi ni yule mtu anayefunga mlango, akarudi kuhakikisha kama amefunga, halafu akiwa njiani akafikiri kwamba huenda wakati wa kuhakikisha ndipo alipoufungua. Nimestaafu sasa, naishi Kibiti katika ua aliouacha mama yangu, na jana usiku niliinuka kutazama kitasa. Basi msije mkadhani kazi hii inataka watu wenye moyo wa chuma. Inataka watu wanaorudi kutazama kitasa. Ila iko siku moja ambayo wasiwasi wangu ulikaribia kumkosesha mtu kitu ambacho hakingerudi, na hiyo nitaifikia.

Mkuu wangu aliitwa Bi Rehema. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, anayetembea katikati ya rafu kama anayepita msikitini. Somo lake la kwanza lilikuwa la pua. "Nusa kwanza," alisema, "ndipo usome." Ukifungua sanduku likanuka siki, humo mna filamu zinazooza, zitenge leo hii. Likinuka udongo mbichi, tafuta njia ya mchwa ukutani. Likinuka ukungu, usilipeleke karibu na masanduku mengine kabla halijapigwa upepo. Likinuka karanga, mtazame mwenzako aliye zamu.

Somo la pili lilihusu neno "Mengineyo". Mtakutana nalo. Kila profesa anayestaafu hukusanya vitu vyake ofisini, akavitia katika magunia ya mchele, na vile vinavyomshinda akavitia sanduku moja akaliandika Mengineyo. Ndani ya sanduku kama hilo nilikuta miwani isiyo na mguu, funguo za milango isiyojulikana, kipande cha boriti ya mkoko kilichokatwa alama, na mayai mawili ya mjusi. Nilikaa muda mrefu nikiyatazama yale mayai. Yalikuwa sehemu ya makusanyo au hayakuwa? Nikiyatoa nitakuwa nimevunja mpangilio wa mwenyewe? Nilikwenda kumuuliza Bi Rehema kama tuyaandikishe.

"Tungoje yaanguliwe," alisema, "tujue kwanza ni ya nani."

Hakucheka, na mimi nilingoja kweli.

Nyinyi leo mna kompyuta na seva, na sauti ya saa nzima inaingia kwenye kitu kidogo kama punje ya hindi. Wakati ule sauti ilikaa kwenye tepu, utepe mwembamba wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu, na tepu ni kiumbe mwenye tabia. Zile za aina fulani, zikikaa miaka mingi katika joto letu, gundi yake hunyonya unyevu wa hewa ikaanza kunata kama ulimbo. Ukiipitisha kwenye mashine inapiga kelele, inasimama, na unga wa kahawia uliobeba sauti unabaki kwenye chuma. Dawa yake ni kuioka kwa moto mdogo sana, polepole. Ukishaioka unapata majuma machache ya kuinakili, kisha inarudia kunata. Sisi hatukuwa na tanuri. Idara ya mimea ilikuwa na kabati la kukaushia majani, basi tepu zetu zikalala humo pamoja na majani ya mikoko yaliyotoka huku huku Rufiji. Msaidizi wao alilalamika kwamba mimi hufungua mlango wa kabati kila mara kutazama. Alikuwa na haki. Tepu haipikwi kwa kufunuliwa funuliwa, wala ubwabwa.

Mojawapo ya tepu hizo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Siku moja aliingia mwanamke wa makamo, kanga mbili, ndala zenye tope kavu la safari. Alisimama mbele ya meza yangu, akageuza kichwa ili sikio la kulia linielekee, akasema, "Nimeambiwa mama yangu yumo humu."

Nilifikiri amekosea jengo. Bi Rehema alitoka ofisini kwake akamvutia kiti.

Jina lake Bi Zuhura, wa Mtunda. Mama yake, Bi Siwema, alikuwa mwimbaji wa mashambani huko delta ya Rufiji. Msimu wa mpunga familia ilihamia bondeni, ikaishi juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama kwa miguu mirefu ili maji yapite chini, na kazi ya Bi Siwema ilikuwa kuamia, yaani kuwafukuza ndege wasimalize mpunga. Aliwafukuza kwa debe na kwa nyimbo. Zamani walikuja watu wa chuo na mashine, wakamrekodi akiwa kazini, wakaenda zao. Bi Siwema alikuwa ameshafariki miaka mingi. Mpwa wa Bi Zuhura, aliyekuwa akisoma chuoni, ndiye aliyeona jina la bibi yake kwenye orodha yetu.

"Sikio hili la kushoto limeshafunga duka," Bi Zuhura alisema. "Hili la kulia linafunga madirisha. Daktari amesema halitafika mbali. Nataka mama aingie kabla hawajafunga mlango."

Hapo mnaweza kuniuliza, kwa nini hatukumpigia tepu pale pale. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni desturi ya Bi Rehema, ambayo nawaachia kama urithi. Sauti ya marehemu haifunguliwi mpaka watoto wake wote waliopo waseme ndiyo. Ya pili ilikuwa ya Bi Zuhura mwenyewe. Walikuwa wamebaki wawili, yeye na kaka yake Mzee Seifu wa Nyamisati, na Mzee Seifu alikuwa amekataa.

"Anasema mama amepumzika, tusimwamshe," alisema Bi Zuhura. "Nami sitaki kumsikia mama yangu kwa wizi. Nataka kaka akae pale, nimwone uso."

Bi Rehema akanigeukia. "Si unatoka Kibiti? Utakwenda kuongea na huyo mzee."

Nilianza na maandalizi. Tepu ilikuwa imeokwa tayari, nikainakili kwenye kaseti nikiwa nimezima spika kabisa, kwa sababu kama familia haijaruhusu, mimi ni nani hata nisikie? Niliutazama mshale wa mashine ukicheza, nikajua hapa anaimba, hapa ananyamaza. Bi Rehema alipita akaniona nimekaa kimya mbele ya mashine bubu, macho kwenye mshale. Akaniuliza kama naangalia mpira.

Kisha nikaandika maneno ya kumwambia Mzee Seifu. Nikayafuta, nikayaandika upya. Nilifikiria sukari ya kumpelekea. Kidogo itaonekana dharau, na nyingi itaonekana rushwa. Nilipofika Nyamisati nilikuwa nimebeba kiasi ambacho hata sasa sijui kilikuwa kidogo au kingi.

Nyamisati wakati ule, kama leo, ilikuwa bandari ya tope na shughuli. Boti ya Mafia ilikuwa inapakia, watu wanarushiana mabegi, na pembeni boriti za mikoko zimepangwa korja korja, kila korja miti ishirini. Mzee Seifu alikuwa katikati ya boriti zake, mrefu, kofia ya kitambaa imepauka kwa jua, anapitisha kiganja juu ya mti kama anayempapasa ng'ombe. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri.

"Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtajia mama na mtaa.

"Hao si Wamatumbi?"

"Ndiyo, Mzee. Sisi Wamatumbi."

Uso wake ukafunguka. Akaweka mti chini, akawageukia wapagazi. "Njooni muone maajabu. Mmatumbi amefika penye maji peke yake. Nani alikushika mkono, mwanangu?"

"Nimekuja na lori la mkaa, Mzee," nilijibu.

Wapagazi wakacheka. Yeye akaendelea, macho yanameta. "Watu hawa wakiona maji ya goti wanaita mama zao. Na mlima wenu mmemwachia nani? Hamkuogopa utaibwa?"

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mliokulia mjini. Baina yetu Wamatumbi wa vilimani na Wandengereko wa bondeni pana utani. Mtani akikuona hukutukana, na hilo tusi ndiyo salamu yake kubwa. Msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kuchekesha mbele ya jeneza. Anaweza kukunyang'anya sahani ukiwa unakula, na huna ruhusa ya kununa. Yote haya niliyajua tangu ziwa la mama. Lakini siku ile nilikuwa nimejaa barua za chuo, nimevaa viatu vya ofisini, na kichwani maneno yangu niliyoyapanga yalikuwa yanasubiri zamu. Niliogopa nikijibu nitaonekana sina adabu ya kazi.

"Samahani, Mzee," nilisema. "Nimekuja kikazi."

Uso wake ulijifunga kama duka ifikapo adhana ya Ijumaa.

"Kikazi," alisema. "Haya. Eleza kazi."

Nikaeleza yote, kwa mpangilio, bila kuruka hata nukta. Alisikiliza huku akifunga kamba kwenye boriti. Nilipomaliza akasema, "Mama yangu amepumzika. Watu wa chuo walishawahi kuja, na hao pia walikuja kikazi. Nenda salama."

Sukari akakataa kuipokea.

Nilirudi Kibiti kwa mama nikiwa nimeshahesabu makosa yangu yote, na kama kawaida yangu nilikuwa nimehesabu yasiyo makosa. Nilidhani nimeitaja maiti mapema mno. Nilidhani ni sukari. Nilidhani nilisimama upande wa jua, nikamlazimisha mzee kukunja macho.

Mama alikuwa uani anakuna nazi. Kabla sijamweleza lolote akaingia Bi Chiku, muuza samaki wa Kindengereko aliyekuwa akimletea mama samaki tangu mimi sijazaliwa. Akatua beseni, akanitazama.

"Huyu naye amerudi? Mkaribie samaki, Mmatumbi, usiogope. Ameshakufa, haumi."

"Aume nini," nilisema, "wakati amekaa beseni moja na wewe safari nzima na yeye ndiye aliyekufa?"

Bi Chiku akapiga mapaja kwa kicheko. "Na mtu mwenyewe," nikaongeza, maana nilikuwa nimeshaanza, "analala juu ya miguu minne kama kitanda, halafu anataka kunifundisha mimi uoga."

Mama aliacha kukuna nazi. "Na huko Nyamisati walikutania?"

"Walinitania."

"Ukawajibu nini?"

"Nilisema samahani."

Bi Chiku na mama walitazamana. Kisha mama alicheka mpaka akashuka kwenye mbuzi ya nazi akakaa chini mchangani. Bi Chiku ndiye aliyepata pumzi kwanza. "Mwanangu," alisema, "umemwomba mtani radhi? Sisi mtu akituomba radhi kwa utani, tunajua anatuambia kwamba yeye si mtani wetu."

Sababu niliyokuwa naitafuta kutwa nzima ilikuwa hiyo, na ilikuwa kitu pekee ambacho sikukifikiria.

Asubuhi yake nilirudi Nyamisati. Msidhani nilipona wasiwasi. Ndani ya lori nilitoa penseli na karatasi nikaandika matusi ya utani, nikayapanga kwa uzito kuanzia mepesi, nikafuta yote yanayogusa wazazi, nikaweka alama ya kuuliza pembeni ya mawili. Nilipomwona Mzee Seifu yote yalitoroka. Nikasimama mbele ya boriti zake nzuri, zilizonyooka, fahari ya maisha yake.

"Mzee," nilisema, "hizi kuni zako bei gani? Nataka kuchemshia maharage."

Wapagazi walimtazama yeye, si mimi.

"Kuni?" alisema taratibu.

"Naona vijiti vijiti."

"Jana ulikuwa bubu."

"Jana nilikuwa nashangaa. Sijawahi kuona mtu wa dungu ameshuka chini akasimama bila kushikwa."

Alijaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani, kikamshinda. Akashika boriti asianguke. "Lioneni hili jike la mlimani," aliwaambia wapagazi. "Na Mndengereko akifika kwenu?"

"Akiona kichuguu anauliza ngazi iko wapi."

Kwa kuziita boriti zake kuni alinitoza faini. Nibebe mti mmoja mpaka korja ya pili. Niliubeba. Tope likakivuta kiatu changu cha ofisini, na sidhani kama limekirudisha hadi leo. Nilipofika na mguu mmoja mtupu, ndipo akanipa kigoda, akapokea sukari, akaonja kwa kidole akasema ni ya kichoyo. Basi nikajua ilikuwa kidogo.

Akanieleza. Halikuwa suala la maiti kuamshwa. "Siku ile mama alipoimba, mimi nilikuwa delta huko mbele, nakata miti," alisema. "Niliporudi nikamkuta ameinama. Mama yangu, mtu wa maneno, ameinama. Akasema, wamekuja watu na mashine, nikawaimbia, nikawatania, hakuna aliyecheka wala aliyejibu. Akasema, leo nimeimbia magogo. Lile neno hakulisahau mpaka anaondoka. Sasa Zuhura anataka mkamwimbishe tena. Mbele ya nani? Mbele ya magogo yale yale?"

"Mbele yako," nilisema. "Na yake."

"Na yako," alisema. "Wewe mtani ukae pale. Ukikaa, nakuja."

Tulikutana Mtunda, baada ya swala ya Ijumaa, uani kwa Bi Zuhura. Nilikuwa na redio kaseti, betri mpya, na betri za kubadilisha hizo mpya. Nilikuwa pia na kinasa sauti cha pili, kwa sababu Bi Rehema aliniagiza: wanaosikiliza nao warekodiwe, maana yale watakayosema hayatasemwa tena. Agizo zuri, lishikeni. Ila kinasa kikiwashwa, sheria ni kimya. Nikawapanga watu kwenye mikeka, nikawaomba wasikohoe bila sababu. Mtetea mmoja aliyetaga karibuni na aliyekuwa akitangaza jambo hilo nikamwomba mwenyewe amtoe uani. Niliwaambia mara kwa mara, jamani, kimya, msiseme kitu mpaka iishe. Mzee Seifu aliuliza kama kupumua kunaruhusiwa. Nikasema kidogo.

Bi Zuhura alikaa karibu kabisa na spika, sikio la kulia limeigusa. Nikabonyeza.

Kwanza yalitoka maji. Kisha ndege, wengi, kelele yao kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Kisha debe likapigwa, kavu, mara kadhaa, ndege wakapungua, na juu yao ikapanda sauti ya mwanamke, nyembamba na ngumu, bila haraka.

*Ndege weye, mla cha wenzio,*
*jirani kalala, nenda kwa jirani.*

Bi Zuhura hakulia. Midomo yake ilianza kucheza pamoja na wimbo, ikiutangulia kidogo, kama mtu anayeijua njia usiku. Mara moja tu aligeuka kwa kaka yake akapiga kifua kwa kidole, pale ambapo mama yao huvuta pumzi, na Mzee Seifu akatikisa kichwa, ndiyo, hapo hapo. Kofia yake alikuwa ameivua, ameiweka gotini.

Wimbo ukaisha. Maji yakabaki peke yake. Halafu ile sauti ikarudi, sasa ya maongezi, na karibu zaidi.

"Weye mwenye chuma mkononi. Wamesema weye Mmatumbi. Mbona watetemeka? Maji hayo ya magoti, hayajala mtu."

Kimya. Mtu akasogea majini.

"Mtani. Nakwambia weye."

Kwenye tepu hakuna aliyejibu. Nilielewa kilichotokea, nikamhurumia yule mwenzangu nisiyemjua jina, maana kazi yake ilikuwa yangu. Alikuwa ameambiwa ashike kipaza sauti na asiseme neno, asiharibu. Alikuwa amekuja kikazi. Maji yakaendelea kupita. Bi Siwema alikuwa anangoja, na kungoja kwake kulikuwa kumekaa ndani ya ule utepe miaka yote ile, ndani ya sanduku letu, kisha kati ya majani ya mikoko.

Bi Zuhura na Mzee Seifu walikuwa wamegeuka wananitazama mimi.

Mimi ndiye niliyeamuru kimya. Kinasa changu kilikuwa kinazunguka. Sikuwa na nafasi ya kuandika kwanza kwa penseli.

"Shikamoo, Bi Siwema," nilisema. "Huyo hatetemeki kwa maji. Anatetemeka kwa hiyo sauti yako. Ndege wenye mabawa wamekimbia wote, yeye maskini atakimbilia wapi?"

Kwenye kaseti, mahali pale pale, Bi Siwema alicheka. Nafahamu kwamba alikuwa amecheka zamani, kwa jambo lake, pengine kwa kukata tamaa na yule mtu wa chuma. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, kile kile nilichokisikia Nyamisati kwenye boriti. Kisha akapiga debe na kuanza wimbo wa pili.

"Amesikia," alisema Bi Zuhura.

Mzee Seifu alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akawa hajui afute kipi. Ua mzima ukapasuka. Mtetea akarudi. Kuanzia hapo hapakuwa na kimya tena. Kila Bi Siwema aliponyamaza, mtu alimjibu, na waliokuwa wanamfahamu walimtania kwa mambo ambayo sitayaandika hapa. Tulipofika mwisho Bi Zuhura akasema rudisha, nikarudisha, na betri za akiba zikapata kazi. Kaseti nilimwachia. Aliipiga kila siku, sauti ikipandishwa kadiri sikio lilivyofunga, mpaka majirani wakawa wanaujua wimbo kuliko watoto wao. Madirisha yalipofungwa kabisa, kaka yake aliniambia, aliendelea kuuimba, na alikuwa akisimama pale pale penye kujibiwa, akingoja, na mtu wa nyumbani alimgusa bega ili ajue amejibiwa.

Kabla sijaondoka siku ile nilimuuliza Mzee Seifu neno rasmi, kama tunaruhusiwa kuifungua tepu kwa wasomaji.

"Fungueni," alisema. "Kwa sharti moja. Atakayemsikiliza mama yangu, amjibu."

Nilijua sharti hilo litaleta vurugu katika chumba cha kusomea. Nilimpelekea Bi Rehema nikiwa na hoja zangu za kulitetea nimezipanga. Hakuzihitaji. Aliliandika kwenye kadi ya tepu kwa penseli, akaniambia niliweke mahali pake. Ndiyo maana mara chache, katika chumba kile ambacho hata kiti hakiburuzwi, mmeona mwanafunzi mwenye vipaza masikioni akimwambia mtu asiyeonekana kwamba na yeye akafukuze ndege wake. Msimkanye. Anafuata kanuni.

Sasa, mmeniandikia kwamba mnahamishia sauti zote kwenye mfumo mpya, na kwamba rekodi ya Mtunda ina "kelele za wasikilizaji" zinazofunika sauti ya mwimbaji. Mmeniuliza kama muisafishe kwa kompyuta, na kama namjua yule mwanamke anayeongea katikati.

Namjua. Msimkate. Na mtakapoirudia ili kuhakikisha kwamba iko nzima, mkifika pale penye maji na kimya, vueni adabu ya kazi kidogo mumjibu.